Mkono Pembeni mwa Picha

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Timazi,

Simu hupokei, ujumbe husomi, kwa hiyo nimerudi kwenye barua kama wachumba wa zamani. Najua umenuna tangu mazishi. Nuna, ni haki yako, lakini nisome mpaka mwisho, maana safari hii nakuja kama mteja, siji kama kaka.

Filamu ya Baba imekubaliwa! Itaonyeshwa kwenye ukumbi ambao zamani nilikuwa napita nje tu, natazama mabango na kwenda zangu. Mtayarishaji wangu anaipenda, ila anasema haina mwisho. Sauti yangu inasema, "Nilikaa na baba yangu mpaka pumzi yake ya mwisho," halafu picha inaonyesha mlango. Anasema hajaona mtu akilia kwa kutazama mlango.

Ndipo nikakumbuka kile kipande alichokipiga Mama kwa simu yake, siku aliyoiegemeza kabatini akanitumia nimwone mzee. Baba yuko kitandani, anakunywa maji. Pembeni yuko muuguzi, amekaa kwenye kiti, ametupa mgongo. Huyo mtoe, uniweke mimi. Nimeshajipiga picha mbele ya kitambaa cha kijani, nimekaa kwenye kiti cha kimo kilekile, nimeinama kama yeye. Wewe kuunganisha picha ndiyo kazi yako. Kwako hii ni kumsukuma mlevi.

Jambo la pili. Ile lenzi ya simu imeupinda ukuta wa Baba mpaka unaona aibu. Mwashi gani anaagwa akiwa amelala chini ya ukuta uliopinda? Unyooshe. Nataka kila mstari usimame wima.

Najua utasema ni uongo. Mimi siuiti uongo. Moyo wangu ulikuwa pale, kazi ndiyo ilinifunga miguu. Hata hivyo nilisema atafutwe muuguzi, na nimemwona kwa macho yangu kwenye picha. Mtoto anaweza kuwa karibu na mzazi wake kwa njia nyingi.

Nakuomba, mdogo wangu. Jina lako nitaliweka mwishoni kwa herufi kubwa.

Kaka yako


Tarehe 9 Februari

Mama mpenzi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi unasikia kuvuma tu, na haya sitaki kuyapigia kelele jirani akayasikia.

Bwana Kesho ameniandikia. Samahani, Mama, ni jina alilompa Baba mwenyewe, kwa kuwa kila akiuliza mwanangu anakuja lini, jibu lilikuwa moja. Anatengeneza filamu ya Baba na anataka aonekane amekaa naye mpaka mwisho. Anataka nikichukue kile kipande ulichokipiga kwa simu, nimtoe "muuguzi" aliyekaa kwenye kiti, nimweke yeye.

Mama, muuguzi gani? Amenitazama mgongo wangu mimi, akaona muuguzi. Haya, nilikuwa nimekonda. Haya, nilikuwa nimevaa koti la kazi la Baba kwa ajili ya baridi. Lakini mtu akishindwa kumjua dada yake, hata koti la baba yake halijui? Huyo muuguzi aliyesema atafutwe hatukumpata kwa sababu pesa alizosema atazituma ziko njiani mpaka leo. Nimetoa vitu vingi kwenye picha za watu: nyaya, magari, nguzo, wapita njia waliokatiza pasipo kuitwa. Sijawahi kuombwa nijitoe mwenyewe.

Usimwambie. Nataka nione atafika wapi. Mimi jibu langu ni hapana, lakini kabla sijalisema nataka nikusikie wewe, maana huyo aliyelala kitandani alikuwa mume wako.

Ikiwa utasema nifanye, nitahitaji kitu kimoja. Lenzi pana ya simu yako hupinda kila kilicho pembeni. Ili nimweke mtu ndani ya picha kama hiyo, lazima kwanza niinyooshe, nimweke, kisha niipinde tena kama ilivyokuwa. Nisipofanya hivyo ataonekana amebandikwa kama stempu. Na ili nijue imepinda kiasi gani, lenzi ileile ipige picha ya miraba iliyonyooka kabisa. Kazini tuna ubao maalumu. Nyumbani tuna bafu. Vile vigae alivyovipanga Baba vinatosha. Chukua simu, iweke kwenye picha pana kama siku ile, simama uelekee ukuta, vigae vijae mpaka kwenye kona zote nne.

Mwanao,
Timazi


Tarehe 15 Februari

Mwanangu Timazi, marahaba.

Bafu nimelipiga. Vigae nilivifuta kwanza, maana baba yako angefufuka akisikia vimeonyeshwa watu vikiwa na povu. Jirani alichungulia akaniona napiga picha ukuta wa bafu, kona kwa kona, akaniuliza kwa upole kama nimekula. Nikamwambia nimekula na nimeshiba.

Unakumbuka baba yako alivyokiona kile kipande? Nilimwonyesha jioni ileile. Hakujitazama yeye wala hakukutazama wewe. Aliniuliza, "Mama Timazi, huo ukuta wangu nani kaupinda?" Nikamjibu ni simu. Akasema, "Basi hiyo simu imelewa, usiipe neno la maana." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ukaja mbio na maji ukanigombeza mimi.

Sasa la kaka yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na leo asubuhi nimeamka nikiwa na jibu. Mfanyie.

Usiitupe barua, nisikilize. Una hasira na una haki. Lakini mimi nimezaa watoto wawili, na sina picha hata moja ya mume wangu katika ugonjwa ule akiwa na mwanawe wa kwanza. Kila mlango ulipogongwa baba yako aligeuza shingo, wewe uliiona. Akija muuza maziwa, anageuza shingo. Nataka nimwone mtoto wake ameingia, hata kama aliyemwingiza ni mashine yako. Nitajua si kweli. Nataka nione tu.

Na ukimwumbua mbele za watu, aibu haitaishia kwake. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi kwa umri huu sina meno ya kulila.

Utaniuliza, na mimi je, Mama? Wewe ulikuwepo, mwanangu. Aliyekuwepo hahitaji picha.

Mama yako


Tarehe 2 Machi

Kaka, shikamoo.

Kazi yako iko tayari, utaipata pamoja na barua hii. Nimekubali kwa sababu Mama ameniomba. Usimshukuru mwingine.

Kwa kuwa ulikuja kama mteja, nakupa maelezo kama ninavyompa mteja yeyote. Mpindo wa lenzi nimeupima kwa vigae vya bafuni kwa Mama. Kompyuta huwa inalalamika ikipewa miraba isiyo sawa, inakuonyesha mistari myekundu kila mahali. Safari hii haikuwa na la kusema. Ubao wa kazini, uliochapwa kiwandani, unayumba kuliko bafu letu. Baba alivipanga vile kwa uzi na jicho, akiwa na homa, na wewe ukiwa umeahidi kuja kumshikia uzi.

Muuguzi wako nimemtoa. Nyuma yake nimechora upya ukuta, ncha ya shuka, na mguu wa kitanda ambao mgongo wake uliuficha. Imenichukua muda kuliko nilivyodhani. Alikuwa amekaa hasa pale.

Mkono wake mmoja nimeuacha, ule ulioshika kisogo cha Baba ili aweze kunywa. Kichwa chake kimelala juu yake, sikuweza kuutoa. Nimeuunganisha na shati lako kwenye kifundo. Mtu asiyeambiwa hatajua.

Sasa nisikilize kama fundi. Sisi tunanyoosha picha ili tupate kufanya kazi ndani yake. Tukimaliza tunairudisha kwenye mpindo wake, ili kitu cha uongo kipinde pamoja na cha kweli. Wewe umetaka ibaki imenyooka. Nimeiacha imenyooka. Ukuta wa Baba umesimama wima, kweli, lakini picha ikinyooshwa pembeni huvutika, na kila kilicho ukingoni hunenepa. Mto umekuwa mpana, na mkono ule umekuwa mnene kuliko ulivyo. Tena vipande vingine vya simu ulivyoweka kwenye filamu vyote vina mpindo, hiki peke yake hakina. Ningekuwa mimi nisingekipeleka hivi. Lakini mteja ni mfalme.

Jina langu usiliweke.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Timazi wangu,

Laiti ungekuja! Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mama nilimketisha mstari wa mbele, kitenge kipya, nikamshika mkono taa zilipozimwa. Ilipofika mwisho, sauti yangu ikasema yale maneno, na mimi nikaonekana nimeinama juu ya Baba. Ukumbi mzima ulilia. Sizidishi. Hata mtayarishaji, ambaye sijawahi kumwona akisikitika ila mvua inapovuruga ratiba, alitoa leso.

Nikapanda jukwaani kujibu maswali. Mama mmoja akasimama akasema, "Sina swali. Ni huo mkono tu. Namna ulivyokishika kichwa cha mzee, ule haufundishwi." Nikamwambia ni mkono wa mwashi, nimeurithi, ni mnene kwa sababu umeumbwa kubeba. Walipiga makofi mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu! Niliposhuka nilijitazama mikono, mdogo wangu, na nakwambia kweli, kwa dakika ile niliamini nilikuwepo.

Ulikuwa sahihi kuhusu mpindo, nakubali, nilijitia ujuaji. Kuna watu wanataka kuisambaza filamu kila mahali, na fundi wao ana jicho kama lako. Ameuliza kwa nini ukuta uliopinda filamu nzima unanyooka ghafla pale mwishoni, kana kwamba tumehama nyumba. Anataka kipande kirudishwe kwenye mpindo wake kifanane na vingine. Nirudishie, tafadhali. Wanangoja hicho tu ndipo waseme ndiyo.

Kaka yako mwenye furaha


Tarehe 23 Machi

Kaka,

Nimerudisha mpindo. Kila kitu kimerudi kwenye umbo lake. Kitazame vizuri kabla hujawapelekea.

Mdogo wako


Tarehe 26 Machi

Mwanangu Timazi,

Nimekwenda, nimerudi. Kaka yako amenitunza vizuri, amenikalisha mbele kama mama wa waziri, shingo bado inaniuma.

Nilikuwa nimejiandaa kumtazama yeye. Nilijiambia nitamwangalia mwanangu na baba yake, basi, roho yangu itatulia. Akatokea. Amependeza, ameinama vizuri. Lakini macho yangu hayakukaa kwake. Yalikwenda kwenye ule mkono, yakabaki huko mpaka taa zikawashwa. Ulikuwa umenenepa, sijui mmefanyaje, lakini ile namna ya kutanua vidole ili kichwa kisiyumbe, mtu mwingine hana. Nilikuona kila siku ukifanya hivyo.

Nilimtafuta mtoto mmoja, nikamwona mwingine ametolewa.

Halafu nikamsikia akiwaambia watu ni mkono wake wa urithi. Wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanyaje, mstari wa mbele?

Nilikuambia aliyekuwepo hahitaji picha. Tangu siku ile neno hilo limenikaa kooni, halishuki wala halipandi. Fanya utakaloona sawa. Mimi sitakuomba tena kitu juu ya jambo hili.

Mama yako


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Tumepata balaa dogo, na kama kawaida ni wewe tu wa kuliondoa.

Kipande kilipoonekana kikiwa na mpindo wake, ule mkono ukawa mwembamba. Kumbe unene wote ule ulikuwa wa kunyooshwa! Fundi wao ameukuza kwenye skrini yake, akatazama kucha, akatazama kifundo, kisha akanitazama mimi mikono yangu pale mezani. Akasema, "Bwana, huu ni mkono wa mwanamke." Nikacheka, nikasema ni mwanga. Hakucheka. Amesema filamu ya kweli ikiwa na mkono wa bandia, wao hawaigusi. Amenipa nafasi nimwonyeshe kipande safi.

Kwa hiyo nimeupiga picha mkono wangu peke yake, mbele ya kitambaa cha kijani, nimeshika mpira kwa kimo cha kichwa. Nimetumia simu kama ya Mama ili mpindo usikupe shida. Unaona najifunza? Toa ule wa muuguzi, weka huu, upinde pamoja na picha, tumalize.

Na yule muuguzi mwenyewe, kama mnajua alipo, mwambie kwa lugha nzuri akae kimya. Asije akaiona filamu mahali akajitambua, akaanza kudai. Watu wa namna hiyo ukiwapa kidole wanataka mkono mzima. Mwambie familia inamshukuru kwa kazi yake, yaishe.

Harakisha, tafadhali. Nikikosa hawa sipati wengine.

Kaka yako


Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Nimejaribu. Nataka ujue hilo kabla ya mengine. Niliketi nikafanya kazi yako kwa uaminifu kama ya mteja yeyote. Nilinyoosha picha, nikautoa ule mkono kidole kwa kidole, nikachora mto mahali ulipokuwa. Kichwa cha Baba kikabaki hewani, shingo imekatika nyuma, kinywa wazi kinangoja maji. Nikainuka, nikatoka nje, nikarudi.

Nikauweka wa kwako. Umeupiga vizuri, mwanga ni sawa, mpindo ni sawa. Lakini wewe ulishika mpira. Mpira hauna uzito, na mkono usiobeba kitu unajulikana. Kiganja hakijabonyea, mishipa imelala, kidole gumba kinapumzika. Mkono wako unamgusa tu. Nimeusogeza huku na huku mpaka macho yakauma, na kila nilipoupeleka, kichwa cha Baba kilikuwa kinaanguka. Mimi najua kunyoosha na kupinda. Uzito sijui kuuweka.

Hakukuwa na muuguzi. Hakuja hata siku moja. Koti lile ni la Baba, lina kiraka begani kinachoonekana wazi kwenye kipande, na ndani ya koti nilikuwa mimi. Kazini niliomba ruhusa, ruhusa ikaisha, nikakaa. Nilimlisha, nikamgeuza, nikamwambia kesho, kesho, kwa niaba yako, mpaka nikachoka kusikia sauti yangu. Mama alikutumia picha ile ili umwone baba yako, na wewe ukaona baba yako na mtu wa kuajiriwa. Umekitazama kipande kile sijui mara ngapi, wewe ambaye kazi yako ni kutazama, na hukuniona. Ulipokuwa hunijui uliniomba nijifute, nikajifuta. Sasa unanitumia ujumbe nikae kimya nisidai.

Nilikuwa na chuki, lakini nilidhani utatambua mwenyewe. Nilikungoja. Nilisema ataona koti, ataona vidole, ataona hata kivuli. Leo chuki imebaki, kungoja kumekwisha.

Mama anajua. Ameuona mkono ukumbini, akakupigia makofi, akarudi nyumbani na shingo inamuuma. Usimpigie simu kumlaumu, hatasikia.

Nimefuta kazi yote kwenye mashine yangu, yenye mpindo na isiyo na mpindo. Ninachokurudishia ni kipande kama Mama alivyokipiga: ukuta wa Baba umepinda, Baba anakunywa maji, na mimi niko kwenye kiti. Kipeleke kwa fundi wako au kiache. Sauti yako itasema itakachosema.

Ukikitaka kile kiti, Kaka, niombe mimi niliyekaa.

Mdogo wako